Safari ya maji kutoka kisimani hadi ndooni ndiyo itakayoamua hatima ya kipindupindu Unguja

Mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu Zanzibar, ulioanza mwaka wa fedha 2018/19, unafikia ukomo wake mwaka 2027/28. Lengo lake limeandikwa bila kificho: ifikapo 2027 asiwepo mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa maradhi hayo ndani ya visiwa. Muda uliobaki ni mfupi, na ndiyo maana taarifa zinazotolewa na taasisi za Serikali kuhusu visima vipya, matangi na mabomba zinastahili kusomwa kwa utulivu zaidi ya ilivyo kawaida. Taarifa hizo hueleza zaidi wingi wa maji yatakayozalishwa. Usalama wa maji hayo pale yanapofika mdomoni mwa mtoto ni hesabu nyengine, na mara nyingi huwa ngumu zaidi.

Shehia ya Mpendae, iliyomo katika Wilaya ya Mjini, inatoa picha ya hesabu hiyo kwa sababu haina upekee wowote. Kama ilivyo Jang'ombe, Magomeni na mitaa mingine ya Ng'ambo, nyumba zimekaribiana, na kwa kawaida kila nyumba ina shimo lake la choo au karo la maji machafu lililochimbwa ndani ya kiwanja kile kile. Maji ya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) hufika kwa mfereji, mara nyingi kwa saa maalumu. Yanapokatika, familia hutegemea akiba ya tangi, ndoo na madumu, hununua kwa gari la maji, au huenda kisimani kwa jirani. Maji ya mfereji, ya tangi, ya gari na ya kisima huingia jiko moja na hunywewa kwa kikombe kimoja. Kwa macho hayatofautiani, na kwa ulimi hutofautiana kwa chumvi tu.

Tatizo hili ni la zamani kuliko mabomba yenyewe. Mripuko wa kipindupindu wa 1869 hadi 1870, ulioua watu kwa maelfu mjini na kwenye njia za misafara ya bara, ulitokea mwishoni mwa utawala wa Sayyid Majid. Daktari wa Kiskoti James Christie, aliyekuwepo Unguja wakati huo, aliufuatilia kwa makini na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu miripuko ya maradhi hayo Afrika Mashariki, miaka minane kabla Robert Koch hajautangazia ulimwengu kuwa chanzo chake ni kimelea kinachoishi majini. Sayyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka 1870, aliagiza maji ya chemchemi za kaskazini yaletwe hadi mjini, na mabaki ya kazi hiyo bado yanaonekana kwenye njia ya Bububu. Ilikuwa hatua kubwa kwa zama zake. Wanufaika wa kwanza, hata hivyo, walikuwa wakaazi wa upande wa mawe, Ng'ambo ilisubiri.

Kipindupindu cha zama hizi kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, kikianzia katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimerejea mara nyingi. Mripuko ulio hai zaidi katika kumbukumbu za wananchi ni ule ulioanza Septemba 2015 na kuendelea mwaka uliofuata. Watu zaidi ya 4,000 waliugua na zaidi ya 60 walifariki. Aprili 2016 Serikali ilifunga skuli, na biashara ya vyakula na vinywaji vya barabarani ilipigwa marufuku. Hasara ya hatua hizo haikuandikwa katika daftari la Wizara ya Afya peke yake: muuza urojo, mwenye mkokoteni wa miwa na mama anayepika maandazi alfajiri waliilipa kwa mifuko yao.

Watafiti waliolinganisha takwimu za wagonjwa wa Zanzibar na takwimu za hali ya hewa walibaini jambo lenye manufaa kwa mpangaji. Joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya selsiasi, idadi ya wagonjwa huweza kuongezeka mara mbili baada ya miezi minne. Mvua inapozidi kwa milimita 200, wagonjwa huongezeka mara 1.6 baada ya miezi miwili. Kwa lugha nyepesi, kipindupindu hutoa taarifa kabla ya kubisha hodi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotabiri masika makubwa, tangazo hilo linawahusu maafisa wa afya na mafundi wa maji sawasawa na linavyowahusu wakulima na manahodha.

Kwa nini mvua ilete maradhi badala ya kuyaosha? Jibu limo chini ya miguu yetu. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemewa. Takriban maji yote ya kunywa hutoka ardhini, na ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, nyufa na mapango. Mvua ikinyesha huzama upesi na kujaza hazina ya maji matamu inayoelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Jiwe hilo hilo linalopokea mvua kwa wepesi hupokea pia kile kinachovuja kutoka katika mashimo ya vyoo. Katika udongo wa mchanga laini, maji huchujwa taratibu na vimelea vingi hufa njiani. Katika ufa wa jiwe hakuna chujio. Uchafu huweza kusafiri masafa marefu kwa muda mfupi. Kipimo cha mita 30 baina ya choo na kisima, kinachotajwa katika miongozo mingi ya afya, kiliwekwa kama kinga ya jumla. Juu ya jiwe la matumbawe hata mita hizo hazitoshi kumpa mtu uhakika, na katika viwanja vya Ng'ambo hazipatikani.

Ipo pia hatari ya chumvi. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Kinyume chake ndicho kinachotisha: pampu ikishusha maji kwa mita moja, mpaka wa maji ya chumvi hujongea juu kwa kiasi hicho cha mita 40. Kisima kilichovutwa kupita kiasi hakikauki kama visima vya bara. Hugeuka chumvi, na kurejea kwake utamu huchukua miaka. Kwa hiyo anayechimba kisima chake bila kibali nyuma ya nyumba huwa anavuta kutoka katika hazina ile ile inayomhudumia jirani yake, na inayowahudumia wagonjwa hospitalini.

Shinikizo juu ya hazina hiyo limeongezeka kwa kasi. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakaazi 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ilikuta 893,169. Katika miaka kumi mkoa mmoja umeongeza karibu watu 300,000, na nyumba zao zimejengwa kwa sehemu katika ardhi ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kupokea mvua na kulisha chemchemi na visima, ikiwemo maeneo ya Mtoni na Mwanyanya. Utalii nao una sehemu yake. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa 2001 ulikadiria kuwa mtalii mmoja katika pwani ya mashariki alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, ilhali mwenyeji alitumia lita 48. Takwimu hizo ni za robo karne iliyopita na hoteli nyingi tangu wakati huo zimebadili mifumo yao, lakini uwiano wake unatosha kuonesha kwamba mgao wa maji kisiwani ni suala la haki kama ulivyo suala la uhandisi.

Tuje sasa kwenye mabomba. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imewekeza fedha nyingi katika sekta hii, kwa msaada wa Japani, mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mkopo wa dola za Marekani milioni 92 kutoka India uliotiwa saini mwaka 2016, pamoja na programu ya uwekezaji wa maji ya 2022 hadi 2027. Visima vimechimbwa, matangi makubwa yamejengwa, na mabomba yaliyochakaa yamekuwa yakibadilishwa. Kazi hiyo haina mbadala. Ila kuna jambo moja ambalo halionekani katika picha za uzinduzi: bomba lisilo na maji muda wote ni hatari hata kama ni jipya.

Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, ufa wowote hutoa maji nje. Msukumo ukikatika, mambo hugeuka. Bomba tupu huvuta ndani kile kilichopo nje yake. Katika mtaa ambao bomba limepita karibu na karo, au limezama katika dimbwi baada ya mvua, kinachovutwa kinajulikana. Hali huwa mbaya zaidi pale wakaazi wanapofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la umma ili kuwahi maji kabla ya wenzao. Pampu hiyo hunyonya msukumo wa mtaa mzima na kuvuta uchafu kwa wote, akiwemo mwenye pampu. Ndiyo sababu maji yaliyopimwa na kuonekana safi kwenye tangi la ZAWA yanaweza kufika Mpendae yakiwa na hali tofauti, bila ya kosa la aliyeyapima. Ndiyo sababu pia maji ya dakika za mwanzo, baada ya mgao kurudi, yafaa kutumika kwa kufulia na kusafishia na yasiingizwe katika chombo cha kunywea.

Klorini ni kinga iliyobuniwa kwa safari hiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka maji ya kunywa yasiwe na kimelea cha kinyesi, yaani E. koli, hata kimoja katika mililita 100, na linashauri klorini iliyobaki kwenye maji yanapofika kwa mtumiaji iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho kidogo ndicho mlinzi anayebaki ndani ya maji baada ya kutoka tangini. Wapo wananchi wanaolalamikia harufu yake, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa heshima na kwa maelezo. Harufu hafifu ya klorini kwenye mfereji ni dalili kwamba mlinzi amefika salama. Kipimo chake ni rahisi: kijichupa, kidonge kimoja na rangi ya kulinganisha, kazi ya dakika chache ambayo bwana afya wa shehia anaweza kuifanya mlangoni kwa mtu.

Hata hivyo klorini haimalizi kila kitu, na hapa uaminifu ni bora kuliko kuwatuliza watu. Haiondoi chumvi. Haiondoi pia naitreti, kemikali inayotokana na vinyesi na mbolea, ambayo WHO imeiwekea ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kupata tatizo la damu kushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Kuchemsha maji huua vimelea lakini hakuondoi naitreti. Maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi miwili, kunyonyesha maziwa yake mwenyewe ni kinga ya maji yasiyojulikana, mbali na faida nyengine zinazoelezwa kliniki. Dawa ya naitreti kwa mji mzima ni moja: kuzuia maji machafu yasiingie ardhini na kuyalinda maeneo ya vyanzo.

Hapo ndipo mjadala wa maji unapogeuka kuwa mjadala wa vyoo, na mara nyingi watu huchoka kusikiliza. Mji Mkongwe una mabomba yake ya maji machafu, ingawa ni ya zamani na yameelekezwa baharini. Ng'ambo kwa sehemu kubwa hutegemea mashimo na makaro. Mradi wa huduma za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2011 ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua, na mitaa iliyokuwa ikigeuka maziwa kila masika imepata nafuu. Mtaro wa mvua, lakini, haukujengwa kubeba kinyesi. Mkaazi anayefungulia karo lake mtaroni usiku wa mvua kubwa anadhani ameokoa gharama ya gari la kunyonya. Kwa hakika amelisambaza mbele ya nyumba za wenzake. Sheria ya Afya ya Jamii ipo, na maafisa wa mabaraza wana uwezo wa kuchukua hatua. Kwa maoni ya mwandishi, adhabu itazaa matunda pale tu huduma ya kunyonya makaro itakapokuwa ya bei inayoweza kulipwa na familia ya kawaida na yenye mahali halali pa kumwaga.

Chanjo imeleta msaada usiopingika. Mwaka 2009 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo Afrika kutoa chanjo ya matone ya kipindupindu kwa jamii nzima katika shehia zilizochaguliwa, ikiwemo Chumbuni kwa upande wa Unguja. Kati ya watu 48,178 waliostahiki, 23,921 walipata dozi zote mbili, na tathmini iliyochapishwa 2012 ilikuta kinga ya asilimia 79 kwa waliokamilisha. Hata majirani ambao hawakuchanjwa walinufaika. Lakini chanjo hudumu miaka michache, na akiba ya dunia ni finyu: tangu Oktoba 2022 nchi zenye miripuko zimekuwa zikipewa dozi moja badala ya mbili kwa sababu ya uhaba. Kisiwa hakiwezi kuweka matumaini yake yote katika ghala la dunia lenye upungufu.

Mifano ya visiwa wenzetu inafundisha kwa pande zote mbili. Maldives ilikumbwa na kipindupindu mwaka ule ule wa 1978. Mji wake mkuu, Malé, ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo, juu ya hazina ya maji matamu inayofanana na ya kwetu ila ndogo zaidi. Hazina hiyo iliharibika kwa chumvi na uchafu kiasi kwamba mji ukahamia kwenye maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Maradhi yalipungua, na bei yake ikawa utegemezi: Desemba 2014 moto katika mtambo wa maji uliacha zaidi ya watu 100,000 bila ya maji, na nchi jirani zikalazimika kuyapeleka kwa ndege na meli. Unguja bado ina maji matamu chini yake. Kuyapoteza kisha kuyanunua tena kwa umeme ni njia ghali.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa 2024 chombo kilichotoka Tanzania kiliwasili Comoro kikiwa na wagonjwa wa kipindupindu. Ndani ya miezi michache visiwa hivyo vilikuwa vimeandikisha wagonjwa zaidi ya 10,000 na vifo vipatavyo 150. Ujumbe kwa Unguja ni kwamba bandari ya Malindi na fukwe zetu zote zimeungana na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Moroni. Watu wengi wanaobeba kimelea hawaoneshi dalili yoyote, kwa hiyo hakuna ukaguzi wa bandarini unaoweza kumzuia kila mmoja. Kinachoamua kama mgonjwa mmoja atabaki mmoja au atakuwa elfu ni hali ya maji na vyoo vya mtaa atakaofikia.

Kwa upande wa taasisi, mgawanyo wa majukumu uko wazi kwenye karatasi. ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2006, huzalisha na kusambaza. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA) husimamia bei na viwango vya huduma. Wizara ya Afya hufuatilia maradhi, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Wawi, Chake Chake, imekuwa ikisaidia uchunguzi tangu 2000. Masheha huijua mitaa yao nyumba kwa nyumba. Kinachokosekana ni kiungo kati ya vipimo na mwananchi. Bei ya maji hutangazwa, na ratiba ya mgao hutangazwa pia. Matokeo ya vipimo vya klorini na vimelea kwa kila shehia yangeweza kubandikwa katika ofisi ya sheha kila mwezi kwa ukurasa mmoja, yakieleza ni mifereji mingapi ilipimwa, mingapi ilifaulu, na wapi mafundi wanafanya kazi. Hofu ya kuzusha taharuki inaeleweka, hasa katika nchi inayoishi kwa wageni. Lakini uvumi wa kipindupindu husambaa kwa simu kwa dakika chache bila kusubiri kibali, na mahali pasipo na takwimu huwa hauna mpinzani.

Hoja hiyo inagusa pia malipo. Kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi maji yalitolewa bila malipo, na bado kuna wanaoiona ankara ya ZAWA kama jambo geni. Ni vigumu kumshawishi mtu alipie maji yanayotoka saa tatu kwa siku na ambayo hajui usafi wake. Ni vigumu vile vile kwa mamlaka kununua klorini, kuziba nyufa na kulipa umeme wa pampu bila ya makusanyo. Kuonesha matokeo ya vipimo ndiyo njia nafuu zaidi ya kuukata mzunguko huo, kwa kuwa mlipaji huona alichokinunua.

Wakati marekebisho hayo yakisubiriwa, hatua ya mwisho ya safari ya maji imo mikononi mwa kaya. Utafiti wa miaka mingi katika nchi nyingi umeonesha kwamba maji yaliyochotwa yakiwa safi huchafuka ndani ya nyumba, kwa mkono unaochovya kata, kwa kikombe kilichowekwa chini, kwa ndoo isiyo na kifuniko. Ndoo yenye koki na mfuniko huondoa haja ya kuchovya. Maji yachemshwe hadi yatokote na yapoe yakiwa yamefunikwa, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa kwa muda ulioelekezwa. Tangi la juu ya paa lisafishwe, walau kabla ya masika na kabla ya vuli. Mtu akianza kuharisha maji maji kwa wingi, apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini papo hapo na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi: kipindupindu kikali kisipotibiwa huua hadi nusu ya wagonjwa, na kikitibiwa mapema huua chini ya mmoja katika kila mia.

Kwa ratiba ya mvua zetu, masika huanza Machi. Vipimo vya klorini kwenye mifereji ya mwisho kabisa ya mtandao, ile iliyo mbali zaidi na tangi, vikifanyika Januari na Februari, ZAWA itabaki na wiki kadhaa za kuziba nyufa kabla mashimo ya Mpendae hayajajaa.